Rangi ya Bluu Bafuni kwa Mkwe

Mwankoko, Singida
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mdogo wangu Kristina,

Marahaba, hata kabla hujafungua mdomo. Goti lako linaendeleaje? Na yule mbuzi wa pembe moja, amezaa au anatuchezea? Mimi ni mzima, nakula, nalala, ila mikono inanuka mafuta ya taa. Joseph akusomee barua hii mpaka mwisho, asirukeruke kama anavyofanya kwenye masomo ya kanisani. Nimempa Melkizedeki, amekuja mjini na asali yake na kesho anarudi huko Mgori. Kwa simu sikutaka. Simu ni ya kaka Mughwai, na Mughwai akishakasirika husikia nusu ya neno, halafu anakata.

Nimeambiwa Jumapili Mughwai anakuja na wazee wawili kukalia kikao juu ya mkwe wangu Gasto, kwa sababu ya maneno niliyowaletea wakati wa Pasaka, kwamba Gasto amenikataza bafu la ndani na ninaoga kwa jirani kama mpita njia. Kristina, mzuie. Mfiche viatu ikibidi. Sikiliza kwanza yaliyotokea jana.

Ni kweli tangu mwanangu Felista anichukue nimekuwa nikioga kwa jirani, mama mmoja anaitwa Agnes, kwenye bafu lake la mabati. Nyumba hii ina bafu moja tu, na sisi unajua tulivyolelewa. Mkwe hata kigoda nilichokalia hakalii, sembuse kumwaga maji nilipomwaga mimi. Miezi saba nimebeba ndoo yangu na kupita uani. Felista analia, mimi ninamwambia machozi hayajengi bafu.

Wiki iliyopita Gasto alitoka kwenye mashine ya alizeti anakofanya kazi, akapitisha neno kwa Felista, maana mimi hanisemeshi ana kwa ana. Akasema bafu la ndani kuanzia sasa ni la mama peke yake, yeye atajijengea la mabati nyuma. Ila hawezi kumpa mama bafu lenye kabati lililobabuka na vishikio vya kutu. Akanunua rangi ya bluu. Jumanne akalikwangua kabati kwa msasa, akafungua vishikio, bawaba, na mikono ya kitasa cha mlango, vyote akaviloweka kwenye mafuta ya taa kutoa kutu. Asubuhi ya jana akavianika juani kwenye gazeti, akaenda kazini. Rangi, alisema, ataipaka Jumamosi.

Mimi nikakaa nikajiambia, mwanaume wa watu anipigie magoti kwenye sakafu ya bafu, na mimi nina mikono? Nilisiriba nyumba nzima kwa udongo nikiwa na mimba ya Felista, kabati litanishinda? Nikaingia na brashi. Nikafunga mlango ili Agnes asije akamwona bibi mzima anapaka rangi.

Nilipaka vizuri, usicheke. Nilipaka milango ya kabati, droo, fremu ya kioo, na bomba nalo nikaliona limechakaa, nikalipaka. Nilipotaka kutoka ndipo nikakumbuka mlango hauna mkono. Uko nje, unaota jua. Nikasukuma kwa bega, wapi! Nikaita Agnes, kumbe ameenda mnadani. Kidirisha ni cha kupitisha paka. Harufu ya rangi ikaanza kunizungusha kichwa, nikakaa juu ya ndoo, nikasali.

Aliyenisikia ni Gasto, amekuja kula chakula cha mchana. Akasimama nje ya mlango, akaniamkia shikamoo mama, kwa utulivu kabisa, kama tumekutana njiani. Halafu akauliza kama nimevaa. Nikamjibu nimevaa, na nimepakwa. Akasema basi amfuate mwanamke yeyote aje anifungulie, yeye si vizuri kuingia nilipo. Kristina, nilimfokea mkwe wangu kwa mara ya kwanza maishani. Nilimwambia nikifa humu, heshima yake ataizika na mimi kaburi moja. Fungua!

Akachomeka mkono wa kitasa, akafungua, akaingia kinyumenyume, uso umeelekea ukutani, akaninyooshea mkono kwa nyuma. Nikaushika. Nilipofika nje nikavuta hewa mpaka mbavu zikauma. Ndipo akageuka, akaliona bomba. Kisha akasema, mama, hata bomba umelivalisha sare ya shule. Nikamwambia afadhali bomba limeenda shule, mimi nilinyimwa. Tulicheka, Kristina, tulicheka mpaka akashika ukuta. Miezi saba sikuwa najua kijana huyu ana pengo la jino.

Sasa neno lenyewe. Gasto hajawahi kunikataza bafu. Hajawahi kunikataza kitu. Nilitaka kurudi Mgori karibu na kaburi la mzee wangu, baba Felista, nikaona sababu yangu ni ndogo, Felista hataikubali. Nikachukua jina safi la mtoto wa watu nikajifutia miguu. Nilisema uongo. Mwambie Mughwai hivyo hivyo, usiulainishe. Akitaka kukalia kikao, anikalie mimi.

Na mkono unaoandika barua hii ni wa Gasto. Nimekaa upande huu wa mlango, yeye upande ule, daftari kwenye paja. Nilipofika kwenye Pasaka aliacha kuandika. Kisha akauliza, hapa mama niparuke? Nikamwambia ukiparuka nitaanza upya kwa sauti, Agnes asikie. Akaandika. Kifua changu kimekuwa chepesi kama debe tupu.

Mgori nitakuja wakati wa mavuno ya mtama, kumsalimia mzee, kisha nitarudi. Nina bafu langu huku.

Msalimie Joseph, wasalimie watoto, na Mughwai mpe salamu akishavua hasira. Felista anawaamkia. Gasto naye anawaamkia, sikumtuma, ameandika mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Rebeka, mama Felista

Dole gumba hapo chini ni langu. Si wino, ni rangi ya bafuni, haijatoka.