Saa Yako Ilivyozindukia Mbagala

Kaka Hamisi, shikamoo, na pokea salamu zenye jasho la Mtoni.

Jana Mjomba alinipeleka barazani kwao, kando ya Barabara ya Kilwa, ambako wazee wapenda saa hunywa kahawa na kukaguana mikono. Nikakunja shati kwa maringo niwaonyeshe ile saa otomatiki uliyoniazima, inayojitia ufunguo kwa mtikiso wa mkono. Kumbe imesimama!

"Itikise," wakasema, kisha wakainuka wote kunionyesha namna. Wazee wanne na mie tukawa tunatikisa mikono juu kando ya barabara. Basi likafunga breki mbele yetu.

"Ndugu zangu, mnapanda hampandi?" kondakta akafoka.

Mjomba, unavyomjua, hawezi kukiri kwamba tulikuwa tunaamsha saa. Akajibu kwa heshima zake zote, "Tunapanda." Tukapanda, vikombe mkononi, muuza kahawa anatukimbiza nyuma.

Barabara ile ina mashimo, Kaka! Kufika Mbagala, saa yako inakwenda kama mpya. Wazee wamefurahi mno. Jumapili wanapanda tena, safari hii na saa ya mfukoni ya mmoja wao, Mzee Likoko, iliyokufa tangu enzi za Mjerumani.

Nibusie Mama. Mwambie vikombe vya watu tumevirudisha.

Mdogo wako,
Salumu