Rais Aliyepatikana kwa Kura Tupu

Shemeji,

Salamu toka Walthamstow, huku London, ambako mvua hainyeshi wala haikatiki. Nilimsomesha Neema awe mhasibu; yeye akawa profesa wa siasa za Marekani ilipoanza, ugomvi wa watu waliokwisha kufa wote! Jana tukila samaki na chipsi nikamlalamikia kwamba mimi na Temba tumefungana kura tena, mara ya pili, kwenye uenyekiti wa chama chetu cha kuzikana. Akacheka: “Baba, wabunge wa Marekani mwaka 1801 walipiga kura kuchagua kati ya wagombea wawili waliofungana, wakakwama mara thelathini na tano! Ya thelathini na sita wapinzani wachache wakatoa kura tupu, zisizo na jina la yeyote, rais akapatikana.”

Kumbe ada ya shule haikupotea. Nahitaji mpinzani mmoja tu asitokee, na wewe najua ulimpigia Temba. Nakuombea afya njema siku zote, isipokuwa Jumapili ya uchaguzi.

Shemeji yako akupendaye,
Baba Neema