Afande Mbele ya Bodi

Jumatatu, 4 Machi
Barua ya pensheni imefika. Mume wangu, Afande mwenyewe, kaisoma mara mbili, kaikunja, kaenda kung'arisha viatu. Nikajua mambo si mazuri. Nimeichukua nikasoma: bodi ya madaktari imeona anatembea bila taabu, kwa hiyo pensheni ya majeruhi itasitishwa Juni. Bila taabu! Mguu aliuacha vitani. Na huu wa bandia umeshapata ufa, na ni pensheni hiyo inayompa mguu mwingine.

Jumanne, 5 Machi
Nimembana mpaka kasema. Siku ya kupimwa aliingia kifua mbele, akapiga saluti. Daktari, kijana tu, rika la mkwe wetu, akamwambia avuke chumba. Akavuka kama yuko gwaride! Unaumia, mzee? Eti, "Hapana, daktari!" Hata suruali hakukunja.
Nimecheka mpaka machozi. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Siku ile alirudi kigutu kinatoka damu. Nilikiosha mimi.

Alhamisi, 14 Machi
Nimepeleka rufaa. Karani, mama mmoja mpole, kasema wengi wa mstari wa mbele huficha maumivu hivyo hivyo. Tumepewa tarehe ishirini turudi mbele ya bodi. Kaninong'oneza: mguu auvue, aingie kwa magongo.
Nimemwambia Afande. Mungu wangu, alivyonuna! "Siwezi kujiliza mbele ya watu. Askari hadanganyi." Nikamjibu, kwani ule mwendo wa gwaride ndio ukweli? Kasusa chakula. Baada ya saa moja kala, kaomba na nyongeza.

Jumatatu, 18 Machi
Nimemshonea soksi mpya ya kigutu, pamba laini. Kaivaa bila asante, ila nimemsikia akipiga mluzi bafuni. Huyu mzee nampenda, basi tu. Magongo hayagusi.

Jumatano, 20 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha bodi. Kaja na mguu wake! Suruali imepigwa pasi, kiatu kinang'aa. Magongo nimebeba mimi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Karani kaita jina lake. Kainuka — kanitazama — kakaa tena. Kakunja suruali mbele ya korido nzima, kafungua mikanda, kanikabidhi mguu. "Nishikie, mama watoto." Miaka ishirini na mbili! Kigutu hicho hata binti yetu hajawahi kukiona. Kachukua magongo, kaingia polepole, anayumba. Nilitaka kumkimbilia nimshike.

Mlango umefungwa. Nimemsikia akitaja namba yake ya jeshi kwa sauti kubwa. Mtu kacheka kidogo, kwa wema nadhani. Sasa ni sauti ya yule daktari kijana. Anamuuliza kama anaumia.
Mguu uko mapajani mwangu, bado una joto lake.
Jibu, Afande. Jibu, mume wangu —