Taa Mpya ya Rasi ya Kurose

Rasi ya Kurose,
Mwezi wa kumi, mwaka wa sita wa enzi ya Meiji

Kwa kaka yangu mpenzi Kakuji,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. U hali gani huko Osaka, na kile kikohozi cha melini kimekuacha? Sisi wazima, viazi vitamu vipo, na majirani wangali wanasengenyana kama ulivyowaacha.

Ulitaka habari za mnara mpya. Umekwisha, kaka, mweupe, wa mawe, na taa yake imezungukwa na vioo vitupu. Sisi wanawake tuliona haya taa kukaa uchi namna ile. Si unajua kila mwaka tunaibandikia karatasi mpya taa ya baba ya kuongozea meli, isizimwe na upepo? Basi siku ya kuwashwa tukapanda mapema na karatasi zetu na gundi ya wali, tukaivisha yote. Mhandisi Mwingereza alipofika juu alishika kichwa, halafu akaketi kwenye ngazi akacheka mpaka akatoka machozi. Tulishinda tukikwangua wali.

Aliyetutia hofu ni baba. Tangu aambiwe kwamba taa yake ya zamani itazimwa, aliapa hatautazama mnara huo kamwe. Nikamwambia kijiji kizima kinakwenda, watasema ana kijicho. Akajibu waseme, midomo ni yao. Nilimbembeleza hadi akachoka, akanifuata ufukweni amenishika bega, amenuna. Njiani nikamsimulia mambo ya karatasi. Akasema, "Nyinyi hata jua mngelibandikia karatasi." Angalau alicheka.

Giza lilipoingia wakawasha. Baba akanibana bega, akaniuliza, "Ofude, kile pale juu ni nini?" Nikamwambia ni taa, baba. Machozi yakamtoka.

Kaka, baba haoni. Aliniambia palepale. Taa yake mwenyewe hajaiona tangu mwaka juzi: mafuta aliyapima kwa kidole, utambi akaupapasa, na joto ndilo lililomwambia imewaka. Alikataa kuja kwa kuogopa tutamgundua. Lakini hii kaiona. Ni mwanga tu, asema, kama tundu ukutani, lakini kaiona, na nimefurahi hata sijui niandike nini.

Sasa kila jioni hukaa kibarazani akiingojea. Wakichelewa kidogo, huwasema: "Wamelala hao."

Majirani wote wanakusalimu. Naye baba anasema meli yenu ikipita hapa, utazame juu, kwa kuwa yeye pia atakuwa anatazama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ofude