Pasnipi ya Baba Mkwe Imeliwa

Hilary, usicheke. Nimempika bingwa.

Narudi kazini, nakuta bafuni pasnipi moja nyeupe, kama karoti ya jitu, ndefu kunipita, imeviringishwa taulo langu jipya lililoloweshwa. Nikajua baba mkwe katuletea mboga ya leo. Vipi kuhusu taulo? Nikasema ni uzee.

Nikaimenya, nikaikatakata, nikaichemsha kidogo, nikaipaka asali na kuitia ovenini pembeni ya nyama. Mkwe wa mfano kabisa.

Baba mkwe, Mzee Wilf, akala. Akaongeza.

"Mwanangu, leo umepatia. Tamu, haina nyuzi hata moja. Umenunua wapi?"

Umenunua wapi, Hilary.

"Si ile ya bafuni, Baba?"

Akaweka uma chini. Mume wangu Gareth akatazama dari, kana kwamba si yeye aliyeipokea asubuhi na kusahau kumwambia mkewe.

"Ile ya mashindano ya mboga ya kesho?" mzee akauliza polepole.

Ndiyo, ile, na taulo bichi lilikuwa la kuizuia isinyauke. Kailea mwaka mzima kwenye pipa la mchanga ili kwa mara ya kwanza ampite mpinzani wake Desmond kwa urefu wa pasnipi. Mimi nimeifanya vipande vya ukubwa wa kidole.

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe kuwaeleza waamuzi. Aliitazama sahani mpaka nikatamani anitukane.

Kisha akaivuta kwake.

"Desmond ana vikombe tisa," akasema, "na hajawahi kuonja pasnipi yake hata moja. Lete mchuzi."