Uso Uliotangulia Kufika

Bulaya, tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025

Yaya Adolphine, dada yangu mukubwa,

Salamu ya Bwana ikukute umeketi vizuri hapo Baraka. Mugongo unaendelea aje? Baba mukubwa Albert, huko Fizi, anakohoa bado?

Yaya, ule uvimbe chini ya sikio langu la kushoto ni kansere. Usilie, soma mpaka mwisho. Kwa wiki sita bananilaza chini ya masini ya miale, mwangaza ambao jicho haliuoni, ili uunguze uvimbe. Kichwa kisitikisike, balinitengenezea uso wa plastiki: banaulowesha maji ya moto, banaulaza juu ya sura yangu mpaka ushike pua na midomo, kisha banaufunga kwenye kitanda. Uko na matundu kama wavu wa kuvulia ndagala.

Uvimbe haukusikia miale. Juzi balitaka kuutupa ule uso. Nani anatupa uso wake kwenye takataka? Nimemupa Solange, muuza vitenge, akuletee, uuweke juu ya kabati. Aliondoka haraka, sikupata wakati wa kuandika. Barua hii inapita posta ya Kigoma, nafikiri itamutangulia.

Mudogo wako,
Jérémie

*

Baraka, tarehe 2 mwezi wa tatu 2025

Jérémie, mutoto wa mama, pale ulipo,

Afya yako siulizi. Sisi tuko bazima, macho tu ndiyo yamevimba.

Solange alishikwa na malaria Kigoma, akapitisha mufuko kwa batu wa boti bila neno. Ndani tulikuta uso wako, mweupe, mudomo umefungwa. Baba mukubwa Albert, aliyeshuka kutoka Fizi, akasema: "Uso hautembei peke yake. Mwili umebaki, balitutumia kile baliweza." Mimi nililia wa kwanza. Simu imekufa tangu vita ya Uvira, tungeuliza nani? Tukakupandisha Fizi, tukakuzika karibu na mama, tarehe 26 ya mwezi uliopita, saa tatu asubuhi. Pasta Néhémie alihubiri vizuri. Mama Espérance akatuchekesha katikati ya kilio: "Hata kwa kufa, huyu anatuletea mutindo wa Bulaya!"

Pasta asijue kama naandikia marehemu. Lakini nimuambie nani mwingine? Atakayefungua mulango wako asome, atujulishe kama uliteseka.

Yaya wako,
Adolphine

*

Bulaya, tarehe 5 mwezi wa ine 2025

Yaya,

Shika kitu kwanza. Niko muzima! Nakula, nalala, nauliza mugongo wako kama zamani. Barua yangu ililala njiani, sijui wapi.

Nilicheka maneno ya Mama Espérance, kisha nikaona tarehe. Asubuhi ile ya 26 nilikuwa nimelala chini ya plastiki ya moto, balikuwa bananitengenezea uso wa pili. Nikasikia udongo mudomoni, yaya. Baridi, na vijiwe. Nikapiga kelele. Infirmière, muuguzi wa hapa, akaandika, huku banaandika kila kitu.

Uso wa pili ni wa utafiti. Batu sita banakaa kwenye meza moja juu yangu: munganga, mwenye kupima miale, mwenye kuchunguza chembe za mwili, mwenye hesabu, mwenye masini, na mama mumoja wa kuniuliza moyo unasemaje. Banataka kutoa miale yote mara moja, kwa muda usiofika sekonde, ili nyama isiyo na ugonjwa isiungue. Nilikubali. Lakini kila bakinifunga, uso mupya umekuwa mukubwa. Nakonda, kama kitu kinanivuta chini. Banasema uso ukicheza, miale itakosea. Siku imewekwa: tarehe 5 mwezi wa tano.

Nisamehe kukuomba hivi. Muniondoe pale kaburini.

Mudogo wako,
Jérémie

*

Baraka, tarehe 11 mwezi wa tano 2025

Jérémie, muzima wangu,

Mungu asifiwe mara elfu! Umekula leo?

Pasta alisema ni plastiki tu, tuiache. Baba mukubwa akakataa kabisa: "Kilio hakirudi kinywani." Basi Jumatatu, tarehe 5, nilipanda peke yangu na jembe.

Mchwa walikuwa wamejaza uso wako kwa ndani, udongo mugumu kama tofali. Nilikukuta weye mwenyewe: pua ya baba, na ile kovu ya baiskeli kwenye kidevu, ambayo plastiki haingeijua. Lakini chini ya sikio la kushoto kuna shimo kama yai, safi. Hakuna mchwa aliyeingia humo.

Nikakufunga mugongoni na kitenge. Mwenye pikipiki akauliza: "Mama, mutoto mbona halii?" Nikamujibu: "Analala."

Lile shimo ni nini, mudogo wangu?

Yaya wako,
Adolphine

*

Bulaya, tarehe 2 mwezi wa sita 2025

Yaya,

Amani ya nyumba yako iwe nzima. Uliusugua mugongo na ile mafuta?

Siku ile ile, tarehe 5, uso ulinishika vizuri, haukucheza. Nilianza kusema Amina. Kabla sijaimaliza, miale ilikuwa imekwisha. Macho yalikuwa yamefungwa, lakini niliona buluu, nikasikia harufu kama radi imepiga karibu. Banasema bagonjwa wengine pia banaiona, iko na maelezo.

Kisha balipiga picha. Mahali pa uvimbe ni patupu, kadiri ya yai. Bale sita baligombana mbele yangu. "Haraka hivi? Haiwezekani!" Mwenye hesabu alirudia hesabu mara tatu. Sasa banangoja mpaka mwezi wa kumi na mbili. Pakibaki patupu, nimepona. Pakijaa tena, hakuna dawa nyingine.

Ile sura iweke mbali na udongo, nakuomba.

Mudogo wako,
Jérémie

*

Baraka, tarehe 20 mwezi wa munane 2025

Jérémie,

Je, unaongeza mwili? Mimi mugongo wangu ni ule ule.

Nilikuweka juu ya meza, miguu ya meza ndani ya mikebe ya mafuta ya taa. Mchwa hawapiti hapo, nimeangalia. Lakini kila alfajiri nakuta udongo mubichi mudomoni mwa lile shimo. Nautoa kwa kidole, polepole, mpaka Baba Yetu iishe. Siku moja nilichelewa kwa ajili ya maombi ya bamama, nikakuta nusu imejaa.

Bunduki zinalia upande wa Lulimba, majirani banavuka ziwa. Solange, atakayebeba barua hii, ananikaripia: "Yaya, beba hicho kitu twende!" Nilijaribu. Nikiinua, kinaanza kupasuka shingoni.

Basi mimi nabaki.

Yaya wako,
Adolphine

*

Bulaya, tarehe 3 mwezi wa tisa 2025

Yaya wangu,

Tangu ile barua ya kuchimbua sijapata nyingine. Mugongo? Batu wa nyumbani? Huku tunasikia habari mbaya za Baraka.

Picha ya mwezi uliopita: patupu bado. Bale sita banaanza kutabasamu.

Kuna kitu sikukuambia. Kila alfajiri kidole kinanigusa chini ya sikio la kushoto. Kinazunguka polepole, kama ulivyokuwa unanisafisha masikio nikiwa mudogo, kwa muda wa Baba Yetu moja, kisha kinaenda. Infirmière anasema ni mishipa inapona. Zamani niliogopa, sasa nakingoja.

Jumapili hakikuja. Juzi hakikuja, jana pia. Leo mahali pale pana ubaridi, na panawasha, kama kitu kinatembea.

Yaya, uko?

Mudogo wako,
Jérémie