Ukumbi wa Mke Asiye na Jina

Jumapili. Mvua nyembamba tangu asubuhi, na vidole vyangu vimevimba kwa baridi.

Sijalala. Mke wangu alishikwa na uchungu jana kule Mbwera, na mwezi wake haujafika. Walingoja maji yajae ndipo boti itoke, wakapitia Nyamisati mpaka hospitali ya Kibiti. Hayo aliniambia mama mkwe. Tangu hapo simu zao zote mbili hazipatikani.

Mimi niko China. Nafunga kaa hai kwa kamba, kazi ileile niliyoianza kwetu, kwenye delta ya mto. Leo tulipeleka mzigo kwenye hoteli moja mjini Qufu, karibu na hekalu la Konfusio, yule mwalimu wao wa zamani. Dereva wetu, Li, aliwahi kukaa Salale, hukohuko delta, akinunua kaa, na Kiswahili anakiongea kama mtu wa kwetu.

"Shemeji," akasema kwa utani wake wa Salale, "utaivunja hiyo simu. Njoo utembee."

Tukaingia hekaluni. Nyuma ya ukumbi mkubwa wa mwalimu upo mwingine, wa mkewe. Nguzo zake za mawe zimechongwa ndege. Ndani hamna sanamu, kuna kibao tu. Nikamwomba Li anisomee.

"Mke wa Mwalimu Mkuu."

"Na jina lake?"

"Hapa halipo."

Jumba kubwa namna ile! Nikacheka.

"Unacheka nini? Salale nzima sijasikia mtu akimwita mkewe jina."

Kwenye simu yangu mke wangu nimemwandika Nyumbani. Mbele za watu ni Mama Shaibu. Kumtaja jina hadharani, kwetu, ni kama kumvua mtandio.

Palepale ukumbini, namba ya nesi wa wodi ya wazazi, niliyopewa na jirani na kuipiga tangu asubuhi, ikapokelewa.

"Namuulizia Mama Shaibu, katokea Mbwera."

"Kaka, humu kila mtu ni mama wa mtu. Jina lake nani?"

Nikamtazama Li. Akajifanya anakisoma tena kile kibao.

"Kaka, nina wagonjwa."

"Mwanahawa," nikasema.

"Sikusikii!"

"Mwanahawa binti Omari!"

Walinzi wakageuka. Sauti yangu ilizunguka ukumbi mzima.

Nesi akaita wodini. Akaita tena. Nikashika nguzo.

Kisha, kwa mbali, sauti iliyochoka:

"Abee."

Simu ikakatika.

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akiitikia jina lake. Yu hai. Lakini alikuwa ameshajifungua, au bado? Mtoto je? Naandika haya garini, Li anaendesha, na namba ya nesi haipokelewi tena.

Nimefuta lile neno Nyumbani. Nimeandika jina lake.

Simu iko mapajani. Mwanahawa, piga.